Usiku Unaanzia Jichoni

Mtu akilalamika kwamba usiku mzima hakupata hata lepe la usingizi, watu wa nyumbani humuuliza ana mawazo gani, anadaiwa na nani, amegombana na nani. Wengine watataka kujua alikula nini. Ni nadra kumpata anayeuliza: sebuleni kwenu mmefunga balbu ya aina gani, na jana mlizima taa saa ngapi? Linasikika kama swali la fundi umeme. Lakini kwa homoni inayoutangazia mwili kwamba giza limeingia, hilo ndilo swali la kwanza. Mawazo na madeni yana zamu yake baadaye.

Homoni hiyo ni melatonini. Imezoeleka kuitwa homoni ya usingizi, jina lililoshika kwa kuwa ni fupi, ila linapotosha. Panya naye hutoa melatonini usiku, saa zilezile anapokuwa stoo akitoboa magunia ya mtama. Ingekuwa kazi yake ni kulaza, panya wangelala usiku na akiba zetu zingesalimika. Ifikirie kama mpiga mbiu anayepita kijijini na kutangaza kwamba usiku umeingia. Binadamu akiisikia mbiu hiyo huanza kujikunja kulala. Panya akiisikia hutoka shimoni. Tofauti hii tutaihitaji tukifika kwenye vidonge.

Jina lenyewe lilitoka kwenye ngozi. Mwaka 1917 ilionekana kwamba viluwiluwi wakipewa tezi ya pineali ya ng'ombe, ngozi yao hupauka. Miongo minne baadaye daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Yale, Aaron Lerner, akitafuta tiba ya mabaka meupe ya ngozi, alikusanya tezi za ng'ombe kwa maelfu kutoka machinjioni, na mwaka 1958 akafanikiwa kuitenga kemikali yenyewe. "Mela" ni ya melanini, rangi ya ngozi. "Tonini" ni ya serotonini, kemikali inayoizaa. Tiba ya mabaka haikupatikana humo.

Safari ya mbiu hii huanzia nyuma ya jicho, kwenye retina. Kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba retina ina seli za aina mbili tu zinazopokea mwanga: zile za kuona gizani na zile za kuona rangi. Mwaka 2002 ilithibitishwa kwamba ipo aina ya tatu, seli chache sana, zenye kemikali iitwayo melanopsini. Seli hizi hazina haja na sura ya mtu wala maandishi ya kitabu. Zinapima wingi wa mwanga, polepole na kwa uvumilivu, na huitika zaidi kwa mwanga wa buluu wa nanomita 480 hivi, rangi ya anga la kiangazi lisilo na wingu. Kwa hiyo anayesema "mimi taa hainisumbui, nafumba macho nalala" anazungumzia kuona. Seli hizi zilishapima na kupeleka ripoti tangu saa 2 usiku, alipokuwa sebuleni anaangalia taarifa ya habari.

Ripoti inapelekwa kwenye vifungu viwili vya seli vilivyo juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana. Kila kifungu kina seli za neva kama 10,000, na ukubwa wake haufiki punje ya ulezi. Hapo ndipo ilipo saa kuu ya mwili. Tezi ya pineali, kiwanda cha melatonini, iko humohumo kichwani, sentimita chache kwa nyuma, yenyewe ndogo kuliko punje ya mahindi. Ungetegemea amri ivuke moja kwa moja. Haivuki. Inashuka na uti wa mgongo hadi usawa wa juu ya kifua, inatoka nje, inapanda hadi kwenye fundo la neva lililo juu shingoni, kisha inaparamia kuta za mishipa ya damu kurudi kichwani. Ni sawa na mtu wa Area C hapa Dodoma anayekwenda Area D, mtaa wa jirani, kwa kupitia Manyoni, mkoa mwingine kabisa. Njia hii ndefu ina gharama zake. Aliyevunjika shingo na uti wa mgongo ukakatika kabisa eneo la juu hupoteza melatonini ya usiku, kwa sababu waya umekatwa njiani ingawa kiwanda ni kizima. Anayemuuguza majeruhi wa namna hiyo nyumbani, akisikia analalamika halali, asidhani ni huzuni peke yake.

Mchana saa kuu huiziba njia hii. Giza likiingia huifungua, ncha za neva zinamwaga noradrenalini kwenye pineali, na ndani ya seli zake kinaongezeka kimeng'enya kinachoibadilisha serotonini, kwa hatua mbili, kuwa melatonini. Malighafi ya mwanzo ni triptofani, sehemu ya protini iliyomo kwenye karanga, maharage, mayai, maziwa, mbegu za maboga. Hapa watu wa mtandaoni hukimbilia kusema kula hiki ulale. Ukweli haufurahishi hivyo: triptofani hugombania mlango wa kuingia ubongoni na vipande vingine vya protini ile ile, na ambaye anakula ugali na mboga ya karanga kila siku hana upungufu wake. Kinachokwamisha kiwanda mara nyingi ni mwanga. Malighafi ipo tele.

Nao mwanga unakwamisha haraka mno. Taa kali ikiwaka, kile kimeng'enya kinavunjwa ndani ya dakika chache. Melatonini haina ghala. Inatoka kadiri inavyotengenezwa, na iliyomo kwenye damu hupungua nusu kila dakika 40 hadi 50 ini linapoivunja na kuipeleka kwenye mkojo. Ndiyo sababu mwanga wa saa nzima saa 3 usiku hauwezi kufidiwa kwa kulala kwenye giza totoro kuanzia saa 5. Umechelewesha kupanda kwake, na saa nayo imesogezwa.

Kwa mtu mzima anayelala saa 4 na nusu usiku, melatonini huanza kupanda kama saa mbili kabla, yaani saa 2 na nusu hivi. Kilele huwa kati ya saa 8 na saa 10 usiku. Kiswahili kimeutaja usiku wa manane kama kina cha usiku, na nane hiyo imo kwenye jina. Kipimo cha damu kinakubaliana nacho. Mchana kiwango huwa chini ya pikogramu 10 kwa mililita ya damu, usiku hupanda hadi makumi kadhaa, na tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa kiasi kwamba mmoja anaweza kuwa na mara kumi ya mwenzake na wote wawili wakalala fofofo. Pikogramu ni sehemu moja ya trilioni ya gramu. Mbiu yetu ni mnong'ono.

Mnong'ono huo ukifika, mishipa ya damu ya mikono na miguu hutanuka, joto linatoka kupitia ngozi, na joto la ndani la mwili linashuka. Kushuka huko ndiko kunakofungua usingizi. Ukiwa na miguu baridi, mishipa yake imejikunja na joto limefungiwa ndani. Juni na Julai, upepo wa Dodoma unapopenya chini ya mlango, dawa ya bei rahisi kuliko zote ni beseni la maji ya moto ya kuvumilika, miguu hadi kwenye vifundo, dakika 10, saa moja kabla ya kulala, kisha soksi. Oktoba na Novemba tatizo linageuka: ukuta wa tofali za kuchoma umekunywa jua kutwa nzima na unalitema hadi saa 6 usiku. Fungua madirisha yenye nyavu mara jua linapozama, usisubiri saa ya kulala, na kitanda kisiguse ukuta wa magharibi. Waliojenga tembe, na paa lake bapa la udongo, walilitatua suala hili bila kipimajoto. Na kwa madirisha yake madogo walipata giza la bure.

Melatonini haifanyi kazi peke yake. Ubongo ukiwa macho hulimbikiza kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyojaa ndivyo macho yanavyokuwa mazito. Huo ni uzito wa usingizi; melatonini na saa kuu hutoa ruhusa ya kulala. Uzito bila ruhusa ni ile hali ya kuchoka kama punda na bado ukajigeuzageuza kitandani. Kuna kipindi hasa, saa mbili au tatu kabla ya muda wako wa kawaida wa kulala, saa kuu inaposukuma uamke kuliko wakati wowote wa siku. Kinafungwa pale melatonini inapopanda. Mwenye basi la saa 11 alfajiri stendi ya Nzuguni anayejilazimisha kulala saa 2 usiku anaingia moja kwa moja kwenye kipindi hicho. Atahesabu bati hadi saa 4, kisha atalala kwa wasiwasi. Heri azime taa kali mapema, afungashe mizigo kwenye mwanga hafifu, na aingie kitandani dakika 45 tu mapema kuliko kawaida yake.

Kafeini huziba masikio ya adenosini bila kuipunguza. Nusu yake bado imo mwilini baada ya muda wa saa tano hivi, kwa wengine saba. Na haichezei adenosini tu: katika jaribio moja lililochapishwa 2015, kahawa nzito sawa na espreso mbili, iliyonywewa saa tatu kabla ya kulala, ilichelewesha melatonini kwa dakika kama 40. Chai ya rangi ya saa 1 jioni haina nguvu hiyo, lakini vikombe vitatu vya chai iliyochemka hadi ikawa nyeusi vinaikaribia. Kwa kinywaji cha kuongeza nguvu cha bodaboda, kopo la mililita 250 mara nyingi lina miligramu 80 za kafeini, karibu sawa na kikombe cha kahawa, na hunywewa saa 3 usiku.

Sasa tuje kwenye jua, maana hapa kwetu lina tabia yake. Dodoma iko nyuzi 6 na kidogo kusini mwa ikweta, hivyo siku ndefu kuliko zote inaipita fupi kuliko zote kwa dakika kama 40 tu. Watu wa Ulaya ya kaskazini wana majira ya baridi ambayo jua ni la saa chache. Sisi hatuna kisingizio hicho. Tulicho nacho ni saa ya ukutani isiyopatana na jua. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu. Dodoma iko karibu nyuzi 36, kwa hiyo jua la utosi hutufikia kwa wastani saa 6 na dakika 37 mchana. Februari huchelewa hadi saa 6 na dakika 51. Jua huchomoza kati ya saa 12 na dakika 10, mwanzoni mwa Novemba, na saa 12 na dakika 50, mwishoni mwa Julai. Ukilinganisha na Dar es Salaam, kila kitu kimechelewa kwa dakika 14.

Dakika 14 ni chache, lakini chukua mtumishi anayekaa Nkuhungu na kufanya kazi Mji wa Serikali Mtumba. Anaamka saa 11 alfajiri. Februari, kwa saa ya jua, kwake ni saa 10 na dakika 9, na melatonini yake ndiyo kwanza inaanza kuteremka. Anavaa kwenye giza, anapanda gari likiwa giza au alfajiri hafifu, anaingia ofisini yenye mapazia yaliyofungwa kuzuia joto, anatoka jua likiwa linaelekea magharibi, na mwanga wake mkali wa kwanza wa siku unakuwa wa saa 10 jioni. Saa kuu ya binadamu ikiachwa yenyewe huenda kwa saa 24 na dakika kama 12, yaani huchelewa kidogo kila siku. Mwanga wa asubuhi ndio unaoirudisha nyuma kwenye mstari, na wa jioni huisukuma mbele zaidi. Huyu ameukosa unaomsaidia na ameupata unaomchelewesha.

Tiba yake ni kuota jua. Si lazima ukae umejikunyata kwenye kibaraza, ingawa wazee wanaofanya hivyo Julai wanafanya jambo la maana kuliko wanavyosifiwa. Dakika 20 hadi 30 nje kabla ya saa 3 asubuhi, bila kulitazama jua lenyewe. Nje, hata kukiwa na mawingu, kuna luksi (kipimo cha mwanga unaofika mahali ulipo) kama 10,000. Jua la mchana ni 100,000. Ofisi ya kawaida ina 300 hivi. Chai ya saa 2 iliyonywewa chini ya mti inafanya kazi ambayo taa za ofisi nzima haziwezi. Na kuna faida ya pili: aliyepata mwanga mwingi mchana, taa za jioni humsumbua kidogo.

Taa za jioni zenyewe zinahitaji hesabu. Koroboi, kwa mtu aliyekaa mita moja, hutoa luksi chache tu, tena za rangi ya chungwa isiyo na buluu ya kutosha kuamsha melanopsini. Mwezi mpevu haufikii hata nusu ya luksi. Balbu ya LED ya wati 9, ile nyeupe iliyojaa madukani tangu umeme ufike vijijini, hutoa lumeni (kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa yenyewe) kama 800. Ukikaa mita mbili chini yake kwenye chumba chenye kuta nyeupe unapata luksi 30 hadi 60. Utasema hiyo ni kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba, kwa wastani, luksi 25 tu za jioni zilitosha kuipunguza melatonini kwa nusu. Aliyeathirika haraka zaidi ilimchukua luksi 6, na mgumu kuliko wote 350. Hivyo mume anaweza kulala chini ya taa hiyo hiyo inayomkesha mke, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Simu imesingiziwa kidogo. Sogeza simu sentimita 30 kutoka usoni, punguza mwanga hadi robo, na inakuwa na mchango mdogo kuliko balbu iliyo juu ya kichwa chako. Ubaya wake mkubwa ni kwamba mwenyewe huizimi. Hata hivyo haina usafi kamili: waliosoma kwenye kishikwambi chenye mwanga kamili kwa saa nne kabla ya kulala, siku tano mfululizo, melatonini yao ya jioni ilipungua kwa zaidi ya nusu na saa yao ikachelewa kwa saa moja na nusu.

Ukienda dukani, geuza boksi la balbu utafute namba yenye herufi K. Iliyoandikwa 6500K ni nyeupe yenye buluu nyingi. Nunua hiyo kwa jikoni na dukani. Kwa sebule na chumba cha kulala tafuta 2700K au 3000K, ya njano, wati 3 hadi 5. Muuzaji atakuambia haina mwanga, na ndiyo sababu unaitaka. Kama waya hairuhusu balbu mbili, tumia taa ndogo ya kuchomeka, uiweke chini usawa wa goti na ielekee ukutani. Kuanzia saa 2 na nusu, nyeupe izimwe. Korido ya kwendea chooni iwe na taa hafifu ya njano, kwa sababu taa kali ya saa 8 usiku inapiga melatonini ikiwa kileleni. Tatizo sugu mjini ni taa ya ulinzi ya jirani inayomulika dirishani. Pazia moja jepesi halifui dafu, shona la pili jeusi ndani yake, lizidi fremu kwa kiganja kila upande.

Kuna imani kwamba zamani, kabla ya umeme, watu walilala mapema, pale kuku wanapolala. Tunao mashahidi wa karibu. Wahadzabe, wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi hadi upande wa Mkalama mkoani Singida, walifungwa mkononi vifaa vya kupima mienendo ya usingizi, pamoja na Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Matokeo ya mwaka 2015: wakati wa kulala ulikuwa kwa wastani saa tatu na dakika 20 hivi baada ya jua kuzama, na walilala kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, joto la usiku likiwa linashuka. Wengi waliamka kabla jua halijachomoza. Kwa hiyo moto wa kuni na masimulizi ya jioni havikuwahi kuwa adui wa usingizi. Utafiti mwingine wa mwaka 2017, wa watu wazima 33 kwa siku 20, unavutia zaidi: katika muda wote huo, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Mzee alikuwa ameshaamka kabla kijana hajalala. Kambi haikukosa mlinzi, na hakuna aliyepangiwa zamu.

Hilo la mzee na kijana ni la homoni pia. Mtoto mchanga hana mdundo wake wa melatonini hadi miezi miwili au mitatu. Maziwa ya mama ya usiku yanayo, ya mchana karibu hayana kabisa. Mama anayekamua maziwa na kuyahifadhi aandike muda kwenye chombo, ya usiku yanyweshwe usiku. Watoto wa shule za msingi huathiriwa na taa za jioni karibu mara mbili ya watu wazima, kwa kuwa mboni zao ni pana na lenzi zao ni safi. Kijana wa sekondari saa yake husogea mbele kwa saa moja hadi mbili, kwa sababu za kibaiolojia, si ukaidi. Halafu tunampeleka bweni lenye prepu ya hadi saa 4 usiku chini ya taa nyeupe na kengele ya saa 10 alfajiri. Saa 10, kwake, ni kilele. Daftari liko wazi, mwili umo usiku wa manane. Ratiba hiyo inapewa jina la nidhamu. Mimi naiita hasara, na matron yeyote anayewaona wakisinzia mstarini anajua.

Uzeeni melatonini hupungua, na mtoto wa jicho huziba mwanga wa buluu, ndiyo maana babu anasinzia saa 9 alasiri na yuko macho saa 9 usiku. Asiyeona kabisa, hata mwanga, saa yake huweza kuachia kamba: wiki hii analala vizuri, wiki mbili zijazo usingizi wake umehamia mchana, kisha unarudi. Lakini upofu una aina. Wilayani Kongwa, ambako utafiti wa trakoma umefanyika tangu miaka ya 1980, ugonjwa huo hupofusha kwa kuharibu kioo cha mbele cha jicho, retina inabaki. Mgonjwa wa namna hiyo anayetambua mchana na usiku bado anaweza kupangwa na jua, kwa hiyo asifungiwe ndani. Atolewe nje asubuhi kama wenzake.

Wa zamu za usiku, wauguzi, walinzi, madereva, ni kundi lenye mzigo mzito. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya usiku mwaka 2007, na tena 2019, kwenye kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani. Saa kuu haihamishiki kwa usiku mmoja. Husogea saa moja, mbili kwa siku. Kwa zamu ya siku tatu usijaribu kuihamisha. Lala kwa muda wa saa moja na nusu mchana kabla ya kuingia, taa kali nusu ya kwanza ya zamu, kahawa isizidi saa 7 usiku. Hatari kubwa ni kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri, melatonini ikiwa juu na joto la mwili likiwa chini kabisa. Dereva wa lori anayesikia kichwa kizito hapo asitegemee redio wala dirisha wazi, aegeshe, anywe kahawa, alale dakika 20, kahawa itamkuta akiamka. Wa zamu akirudi nyumbani saa 1 asubuhi avae miwani nyeusi na kofia, maana jua la Dodoma saa hiyo linatosha kumwambia ubongo kwamba siku imeanza.

Vidonge, basi. Marekani melatonini huuzwa kama kirutubisho, nchi nyingi za Ulaya hutolewa kwa cheti cha daktari. Huku watu huletewa na ndugu. Jambo la kwanza: kipimo. Kidonge cha miligramu 0.3 kinatosha kufikisha damu kwenye kiwango cha asili cha usiku. Cha 5 au 10 hukipita kwa mbali, na ukiamka na kichwa kizito chanzo ni hicho. Jambo la pili: lebo. Uchunguzi uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2017 ulikuta bidhaa zenye pungufu ya asilimia 83 na nyingine zenye ziada ya asilimia 478 ya kilichoandikwa. Jambo la tatu: muda. Anayetaka kuivuta saa yake nyuma, mfano mtu ambaye usingizi haumjii kabla ya saa 8 usiku, hutumia nusu miligramu saa nne au tano kabla ya muda huo, siyo anapopanda kitandani. Akiimeza alfajiri ataisukuma mbele na kujizidishia tatizo. Na matarajio yawe ya kiasi: tafiti zikikusanywa pamoja, kidonge kinawahisha usingizi kwa dakika kama 7. Mpiga mbiu ametangaza. Hajampiga mtu rungu. Piritoni inayomezwa ili kulala, au diazepamu ya kuazima kwa jirani, hupiga rungu, lakini hazigusi saa, na diazepamu hushika mateka.

Mjamzito, anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, dawa za kifafa au za kushusha kinga, asianze bila daktari. Na kuna wanaokosa melatonini kwa sababu ya dawa walizonazo: atenololi na propranololi za presha huziba pale pale noradrenalini inapogonga kwenye pineali. Ukianza dawa hizo na usingizi ukakukimbia, usiziache. Mweleze daktari jambo hilo hilo, aone kama muda au aina inabadilishika.

Maabara hupima mwanzo wa melatonini kwa mate, kila nusu saa, mtu akiwa amekaa kwenye mwanga hafifu. Nyumbani tumia daftari. Wiki mbili, kila asubuhi andika saa uliyozima taa nyeupe, saa uliyokisia kusinzia, saa uliyoamka, na dakika ulizokaa nje kabla ya saa 3. Siku za kazi kwa kalamu ya buluu, za mapumziko kwa nyekundu, na za mapumziko usiweke kengele. Tafuta katikati ya usingizi wa kila siku: aliyelala saa 5 usiku na kuamka saa 11 alfajiri, katikati yake ni saa 8. Kama katikati ya siku nyekundu imeipita ya siku za buluu kwa zaidi ya saa moja, kengele yako inakukata usiku kabla haujaisha. Anza na safu ya dakika za nje kabla hujagusa kitu kingine, kisha rudi kwenye safu ya taa nyeupe, uirudishe nyuma dakika 15 kila siku tatu.